Unga wa daiatomaiti kwa wadudu wa nyumbani: nimeutumia msimu mzima wa joto na ukavu

Naanza na hukumu, ili mwenye haraka asome hapa aondoke. Kama unaishi sehemu ya jua kali na hewa kavu, na nyumba yako imezungukwa na mashamba, unga huu ununue. Lakini ununue ukijua kwamba kazi yake ni kuua wadudu wanaotambaa mahali pakavu, basi. Kwa panya hausaidii, kwa nge hausaidii, kwa mchwa hausaidii. Kopo nililonunua mimi limechorwa wadudu chungu nzima ubavuni, nge akiwa mmojawapo. Hilo limeniudhi sana, maana mtu mwenye watoto wadogo akiiamini ile picha atawalaza chini akidhani chumba kina ulinzi ambao hakina.

Nimeutumia tangu wakati wa mavuno hadi mvua zilipoanza, yaani kile kipindi ambacho nyumba za mashambani hupata tabu kuliko wakati mwingine wowote. Shamba likiwa na mazao, kila kiumbe kina kivuli, chakula na unyevu hukohuko. Mashine ya kuvuna ikipita, au jembe likigeuza udongo, vyote hivyo vinaondoka kwa mchana mmoja, na mahali palipobaki na kivuli na maji ni nyumbani kwako. Nyenje wanapenya chini ya mlango, mende wanapanda kutoka kwenye mabomba ya maji machafu, sisimizi wanajipanga mstari kuelekea sinki. Watu wengi hudhani wadudu hawa wanatafuta makombo. Makombo wanayataka, ila wakati wa ukavu kinachowavuta zaidi ni maji: bomba linalodondosha, sahani ya maji ya mbwa, kitambaa cha kufutia meza kilichoachwa kibichi. Mdudu mwenye kiu ndiye anayekufa upesi kwa unga huu, na ndiyo maana unafanya kazi vizuri zaidi kwetu kuliko kwa watu wa sehemu zenye unyevunyevu.

Daiatomaiti ni mwamba laini, mweupe. Umetokana na daiatomu, viumbe wadogo wa majini wa seli moja, jamii ya mwani, ambao hujijengea ganda la silika, yaani madini yaleyale ya mchanga na kioo. Wakifa, maganda yanazama chini ya ziwa au bahari na kurundikana kwa maelfu ya miaka. Nchini Kenya mwamba huu unachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Kule Marekani kuna machimbo makubwa Lompoc, jimbo la California. Ukisagwa unakuwa unga mwepesi ambao mkononi ni laini kama poda ya mtoto, lakini kwa mdudu hali ni nyingine kabisa. Ngozi ya mdudu imefunikwa na nta nyembamba inayozuia maji ya mwilini yasipotee. Unga unainyonya ile nta na kuikwaruza. Nta ikishatoka, maji yanavuja taratibu, na hewa kavu inamalizia kazi. Hakuna sumu ya mishipa ya fahamu hapa, kwa hiyo hata mende waliozoea dawa za kupuliza, wale ambao ukiwapulizia leo wanakimbia na kesho wamerudi, hawawezi kujikinga nao kwa usugu ule walioupata kwenye dawa za maji. Marekani waliusajili kama dawa ya wadudu tangu mwaka 1960, kwa hiyo si kitu cha kujaribiwa jana na juzi.

Sasa kwenye kununua, fungua macho. Kuna unga wa daiatomaiti wa aina mbili kuu sokoni na kwa kuutazama tu huwezi kuutofautisha kwa uhakika. Mmoja ni wa asili, uliokaushwa na kusagwa. Mwingine umechomwa kwa moto mkali sana kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Huo wa kuchujia usiuingize nyumbani. Kuchomwa kule kunageuza sehemu kubwa ya silika kuwa ya fuwele, na silika ya fuwele ikivutwa kwa muda mrefu inaleta silikosisi, ugonjwa wa makovu kwenye mapafu ambao hauna tiba ya kuuondoa. Tena kwa kuua wadudu ni dhaifu. Wewe tafuta lebo inayosema waziwazi kwamba ni dawa ya wadudu, yenye namba ya usajili na maelekezo ya matumizi ya ndani ya nyumba. Maneno kwamba unafaa kuchanganywa na vyakula hayakuambii chochote kuhusu kuuvuta puani.

Hili la mapafu nalisema kwa uzito kwa sababu mama mkwe wangu anaishi nasi na ana pumu. Hata huu wa asili ni vumbi, na vumbi ni vumbi. Mara ya kwanza aliponiona na kopo aliniambia, "Mwanangu, hiyo kitu yako itanikaba." Nikamjibu, "Mama, nitapuliza siku ukienda kwa wifi, na ukirudi itakuwa imetulia." Ndivyo tulivyofanya msimu wote. Napuliza asubuhi akiwa hayupo, nimevaa barakoa na miwani, feni imezimwa, madirisha nayafunga kwanza ili upepo usiurushe, kisha vumbi likishatua nayafungua. Tena sipulizi katikati ya chumba kamwe. Unga wote unaingia kwenye nyufa na nyuma ya vitu, pale ambapo hakuna mtu anayekanyaga wala kufagia. Hajapata shambulio la pumu kutokana na unga, na hilo kwangu lilikuwa sharti la kwanza kabla ya kuhesabu mende.

Kasoro kubwa ya kopo lenyewe ni kifuniko. Kina matundu makubwa, unatikisa unga unamwagika vilima. Watu wengi wanafanya hivyohivyo, wanachora mstari mnene mweupe mlangoni, wanaridhika. Mstari mnene haufai. Usiku mmoja niliweka kigoda karibu na friji, nikazima taa, nikakaa na tochi yenye mwanga hafifu niliyoifunga kitambaa chekundu. Upande wa kushoto wa friji kulikuwa na kilima cha unga uliomwagika kutoka kwenye kopo, upande wa kulia nilikuwa nimepuliza utando mwembamba kiasi kwamba vigae vilionekana vimefifia tu rangi. Mende mkubwa alitokea kushoto. Alifika kwenye kilima, akakigusa kwa ncha za papasi zake, akarudi nyuma, akafuata ukuta akakizunguka kabisa. Mwingine alitokea kulia, akapita juu ya ule utando bila kusita. Alipofika upande wa pili akasimama, akaushusha upapasi mmoja kwa mguu wa mbele, akaupitisha wote mdomoni kutoka shinani hadi nchani, halafu akafanya hivyo kwa wa pili, kisha akaanza kusafisha miguu. Kwa hiyo alikuwa amejipaka unga na sasa anaumeza pia. Tangu usiku ule sijatikisa kopo tena.

Kwa kazi hiyo ya utando unahitaji kipulizio cha mpira, kile kichupa cha kubinya chenye mdomo mrefu mwembamba. Kinauzwa peke yake. Ukijaza nusu tu, ukakigeuza mdomo uwe juu kidogo na kukibinya taratibu, kinatoa moshi mdogo wa unga unaoingia hadi ndani kabisa ya ufa. Ukikijaza chote kinatema madonge. Nimepuliza chini ya makabati ya jikoni, kwenye uwazi wa bomba linapoingia ukutani, kwenye fremu za milango, nyuma ya friji mbali na feni yake, na nyuma ya vifuniko vya soketi baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Kopo la nusu kilo limemaliza msimu na bado limebaki na unga. Kwa matumizi ya namna hii ni dawa ya kudumu sana.

Usitegemee kufagia mizoga kesho yake asubuhi. Mende anaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Dalili ya kwanza niliyoiona haikuwa kupungua. Ilikuwa ni mende kutokea mchana, wazito, wakielekea kwenye maji. Ukiona hivyo usikimbilie dawa ya kupuliza. Dawa ya maji inaulowanisha unga, na unga uliolowa haufanyi kazi mpaka ukauke, na ukikauka umegandamana. Vilevile dawa nyingi za kupuliza zinawafukuza mende kutoka pale ulipowategea na kuwasambaza vyumba vingine. Acha unga ufanye kazi. Kwangu jikoni palitulia kabisa kabla ya nusu ya kiangazi, isipokuwa sehemu moja.

Sehemu hiyo ni chini ya sinki. Pale bomba lilikuwa linadondosha, tone moja moja, na unga wote ukawa uji mweupe usio na maana. Hili halihitaji dawa. Fundi alibadilisha washa ya bomba, kile kipete cha mpira cha ndani, nikapakausha kwa kitambaa, nikaacha kabati wazi usiku mzima. Mstari wa sisimizi uliokuwa unapita pale ulikatika wenyewe kabla hata sijapuliza upya. Mtu akiniuliza atumie fedha yake wapi kwanza, kwenye unga au kwenye bomba linalovuja, namwambia bomba, bila kusita.

Halafu kuna jambo ambalo lebo haikulisema kabisa, na kwa sisi wa mashambani ndilo linaloamua kila kitu: vumbi la shambani. Lebo inasema unga unadumu muda wote ukibaki mkavu. Ni kweli, mradi haujafunikwa. Baada ya siku za upepo nilipiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikaona ule utando mweupe umekuwa wa kahawia. Nilipitisha kidole, juu kulikuwa na tabaka la udongo laini wa shambani, na chini yake unga wangu umelala salama bila kugusana na mguu wa mdudu yeyote. Sisimizi walikuwa wanapita juu kama kawaida. Kwa hiyo kwenye vizingiti, madirisha ya upande wa upepo na veranda, lazima ufute na kupuliza upya kila upepo ukivuma. Nyuma ya friji na ndani ya nyufa za ukuta, ambako vumbi halifiki, nilichopuliza mwanzo wa msimu bado kipo. Kama nyumba yako ina milango yenye uwazi chini, funga ule mpira wa kuziba uwazi kwanza. Unazuia vumbi, nyenje na tandu kwa pamoja, na unakuokolea unga.

Kwa sisimizi wenyewe, unga ni nusu ya jibu. Unaua wanaopita juu yake, lakini malkia yuko chini ardhini anataga, na sisimizi vibarua wapya wanakuja kila siku. Kilichofanya kazi ni chambo: maji ya sukari yaliyochanganywa na asidi ya boriki kidogo mno, isizidi asilimia 1. Ikizidi hapo sisimizi wanafia njiani kabla ya kuifikisha kwenye kichuguu, na lengo ni wabebe wakagawane. Chambo nakiweka kwenye kichupa chenye tundu dogo, juu ya rafu ambayo mtoto wala mbwa hafiki, kwa sababu asidi ya boriki ikimezwa ni hatari. Na hapa kuna kanuni ambayo sijaiona kwenye lebo yoyote: usipulize unga kwenye njia ya sisimizi wanaobeba chambo. Unawahitaji wawe hai wafike nyumbani. Chambo kwanza, na njia ikishakuwa tupu, ndipo unga uingie kwenye ufa.

Viroboto walinifurahisha, yaani matokeo yake. Viluwiluwi vya kiroboto haviwezi kuishi hewa ikiwa kavu sana. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 vinakauka. Maana yake, katika sehemu kama zetu viroboto hawazaliani kila mahali. Wanazaliana pale tu penye kivuli na unyevu kidogo: anapolala mbwa, chini ya ngazi, pembeni ya mtungi wa maji. Nilifua matandiko ya mbwa kwa maji ya moto, nikapuliza unga kwenye nyufa za sakafu pale anapolala na chini ya ngazi, nikaacha sehemu nyingine zote. Walipungua, wakaja tena kidogo, wakaisha. Hiyo ya kuja tena ni kawaida, kwa sababu walioko ndani ya vifukofuko hawaguswi na unga mpaka watoke. Lebo inaruhusu kumpaka mbwa mwenyewe, mimi sikubaliani. Unamkausha ngozi na yeye anajilamba na kuuvuta. Kwa mwili wa mnyama muulize daktari wa mifugo dawa inayofaa.

Kwa kunguni sitaki mtu apoteze mwezi mzima akisubiri unga. Kunguni anatembea kidogo, kutoka ufa wa kitanda hadi kwenye ngozi yako na kurudi, na anaweza kukwepa unga wako wote. Pia kitandani ndipo mtu anapovuta hewa usiku kucha, kwa hiyo unga juu ya godoro ni marufuku kwangu. Puliza kwenye miguu ya kitanda iliyo na mashimo na nyuma ya ubao wa ukutani, ukipenda, lakini silaha yetu hapa ni joto. Kunguni na mayai yake hawavumilii joto linalopita nyuzi 50 likidumu. Nguo na mashuka nayatia kwenye mifuko myeusi ya plastiki, kidogo kidogo, yasishindiliwe, na kuyaacha juani mchana kutwa, nikigeuza. Godoro nene halipati joto hilo katikati hata kwa jua letu, kwa hiyo kwa godoro ita mtu mwenye mashine ya mvuke au ya joto.

Wengine wataniuliza kuhusu nafaka ghalani. Upo unga wa daiatomaiti uliosajiliwa kwa kuchanganywa na nafaka, na fukusi wanakufa kwa njia ileile ya kukauka, nafaka ikiwa imekaushwa vizuri. Lakini huo ni mwingine na kipimo chake ni kingine. Kopo nililonunua mimi ni la nyumbani, kwa hiyo ndani ya gunia halikuingia. Nimepuliza tu kwenye pembe za sakafu ya ghala na chini ya mbao zinazobeba magunia, na hapo limefanya kazi nzuri.

Sasa nge, maana ndiye aliyenifanya niandike. Nge ana ngozi ngumu yenye nta nzito, maji yake hayapotei kirahisi, na anaweza kukaa miezi bila kula. Kupita juu ya utando wa unga hakumsumbui. Nimemwona kwa macho yangu akipita juu ya kizingiti kilichopulizwa vizuri kabisa, akaendelea na safari yake chini ya kabati la viatu. Kitu kilichonisaidia ni tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), yenye kipimo cha nanomita 365 au 395. Ngozi ya nge ikimulikwa na mwanga huo inang'aa kijani chenye ubuluu, unamwona kutoka hatua kadhaa hata akiwa ametulia kwenye ukuta wa rangi ya udongo. Aliyetoka kujivua ngozi hang'ai vizuri, kwa hiyo viatu unakung'uta kila asubuhi bila kujali ulichokiona usiku. Nazunguka nyumba giza likishaingia, nimevaa viatu vilivyofunika mguu wote, na koleo refu mkononi. Hiyo tochi ningeiuza pamoja na kila kopo kama ningekuwa na duka.

Unga unamgusa nge kwa njia moja tu, nayo ni ya mzunguko: unaua mende na nyenje, ambao ni chakula chake. Mwisho wa msimu nge ndani ya nyumba walikuwa wamepungua waziwazi, na naamini sababu ni hiyo pamoja na nyufa nilizoziba kwa simenti. Huo ni mwendo wa miezi, si ulinzi wa usiku wa leo kwa mtoto anayelala sakafuni. Kwa usiku wa leo inua kitanda, kisogeze mbali na ukuta, na chandarua ukichomekee chini ya godoro.

Panya sitawazungumzia sana. Panya mdogo wa nyumbani anapita tundu la milimita 6 hivi, kwa hiyo tafuta matundu yote ya mabomba na nyaya, shindilia sufi ya chuma, kisha piga simenti. Mtego wa springi uweke ukiwa umekabili ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya anatembea akiupapasa ukuta. Mitego ya gundi huku kwetu haifai: vumbi likitua juu yake siku mbili tatu haishiki tena, na mnyama aliyenasa anateseka bure. Na mchwa wanaishi kwenye udongo wenye unyevu, wanasafiri ndani ya vijia vyao vya udongo, kwa hiyo unga uliopuliza juu hawaugusi. Ukiona kijia cha mchwa ukutani ita mtaalamu wa dawa za msingi wa nyumba.

Onyo la bustanini: unga haujui kuchagua. Nyuki akitua kwenye ua lenye unga anaweza kufa kama mende. Usiupulize kwenye maua wala kwenye mazao yanayochanua, hata kama jirani amekuambia unafukuza vidukari.

Mvua zilipoanza, hewa ikawa nzito na nguvu ya unga ikashuka. Mende wachache wapya jikoni walitembea juu yake na kuishi muda mrefu kuliko wale wa kiangazi. Kwa kipindi hicho nimehamia kwenye chambo cha jeli, vitone vidogo ndani ya bawaba za makabati, mbali na sehemu zenye unga, na kopo nimelihamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha kwa sababu kile chake cha plastiki kilipasuka kwenye jua la dirishani.

Unga wenyewe, kwa nyumba kavu, naupa nyota nne kati ya tano. Kopo, pamoja na kifuniko chake, ukimya wake kuhusu vumbi na ile picha ya nge, linaishusha bidhaa nzima hadi tatu. Nimewaandikia watengenezaji kuwaomba waifute ile picha na waweke kipulizio ndani ya boksi. Wakifanya hivyo nitarudi kubadilisha alama.